Soseji Zisizo na Pilipili

Kaka Wenbo,

Salamu nyingi huko Shenzhen. Hapa Chengdu baridi imeshika, na Mama anatundika soseji za Mwaka Mpya kibarazani.

Ile tamthilia ya runinga ya wanaume wawili wapiga upanga imewagombanisha mashabiki. Wengine wanasema wale wanapendana ila wakaguzi wa serikali wameficha. Wengine wanaapa ni udugu tu. Kwa kuwa sauti za waigizaji huingizwa baadaye, sote tunakodolea midomo yao. Jana mmoja alimlilia mwenzake aliyejeruhiwa, sauti ikasema, "Ndugu yangu!" Midomo ilisema mengine kabisa.

Nikamchokoza Mama: "Marafiki tu hao, au siyo?"

"Hebu niondolee upuuzi! Nani analia vile kwa rafiki? Wamemnyang'anya maneno yake, maskini."

Kisha akauliza bila kunitazama: "Yule kijana Jiahao anayekaa na kaka yako, pilipili anakula?"

Nikamwambia hapana, ni mtu wa Guangdong, kwao hawali pilipili kama sisi.

Kaka, leo kibarazani kuna kamba nzima ya soseji zisizo na pilipili, na unajua humu ndani hakuna anayezigusa. Mje wote wawili.

Mdogo wako mwenye mdomo,
Yuwei