Chati ya Kazi Isiyo na Jina Langu

Mama Awino, mke mwenzangu,

Salamu kutoka Kisumu. Mguu unapona, dawa bado nameza. Nyinyi huko Usenge mko wazima? Ng'ombe anakula? Simu yako haishiki tangu Jumapili, ndiyo maana nimempa barua huyu mama wa omena anayefuata dagaa huko. Ichaji hiyo simu, si pambo.

Nakwambia nimechoka na watu wa mtoto wetu Otieno. Jumamosi mke wake alileta katoni, akaketi sakafuni na watoto wakakata, wakapaka rangi. Ati ni chati ya kazi: kuosha vyombo, kufagia, kuteka maji, kusafisha samaki. Kila mtu ana kifuniko chake cha soda chenye jina, kinatundikwa chini ya kazi yake. Gundi ilipoisha, nani alipika uji mzito wa muhogo wa kubandikia? Mimi.

Walipomaliza nikatazama. Otieno yuko, mke yuko, watoto wote wako. Nikauliza changu kiko wapi. Mjukuu wetu Akinyi akaniangalia mimi bibi yake bila aibu.

"Dani, hii ni ya watu wanaolala hapa. Si wewe ulikataa kulala kwa Baba?"

Nilikataa kwa sababu mama halali kwa nyumba ya mwanawe, ni mwiko wetu, wewe wajua. Ndiyo nikakodishiwa chumba mlango wa pili, ploti hii hii. Sasa kulala kando kumenifanya mgeni? Tangu nifike, nani alikuwa anawasafishia samaki? Mke wa Otieno ati, "Mama, wewe pumzika tu." Kupumzika ni kwa maiti.

Basi nikapumzika. Jana Otieno alileta samaki, ngege kutoka ufuoni Dunga, zamu ikawa ya Akinyi. Nikiwa mlangoni pangu nikamwona anaparua kutoka kichwani kwenda mkiani, magamba yamekataa kutoka, kisha nyongo ikapasuka. Akaniita. Nikamwambia aulize katoni. Tukala samaki mchungu sisi wote.

Nilikuwa nimefunga mzigo nirudi. Lakini nikienda, hawa watoto watakula nyongo mpaka lini?

Nisalimie shemeji yetu mzee wa kanisa, na mkwe wako anayetengeneza nyavu, yule mvivu. Na umpe huyu mama wa omena kisu changu chembamba, aniletee. Ngege wakifika tena, sitangoja kuitwa.

Ni mimi mkubwa wako,
Mama Otieno