Kwa Mama Kamau

Mjukuu wangu Wairimu,

Natumai baridi ya huko Eldoret haikusumbui. Sisi hapa Ruiru tuko salama. Shangazi yako amepaka duka rangi mpya, nami bado napumua, ingawa kutembea hadi langoni ni safari.

Uliniuliza biashara za familia kama yetu tuliziitaje zamani. Hatukusema biashara. Duka lilichukua jina la kifungua mimba wa mwenyewe, na letu la mtaa wa Gitothua, hapa Ruiru, likawa "kwa Mama Kamau". Kamau ndiye mimi.

Nilipoanza kufundisha Thika, tulileta wanafunzi Ruiru kwa mechi. Walimu wenzangu, walionijua kwa jina la ukoo tu, wakaona kiu. Mpita njia akawaelekeza, "Nendeni kwa Mama Kamau."

Tukaingia. "Haka kaduka! Kuku akigeuka anamwaga unga," mmoja akasema. Wakacheka, nami nikacheka.

Mama alinitazama, akangoja.

"Nikupe nini, mwalimu?" akaniuliza.

"Soda nne, mama," nikajibu, kama mteja yeyote.

Hili hata nyanya yako hakulijua. Nimeliandika kwa sababu siku zangu zimebaki chache, na mama sikumwomba msamaha.

Majirani waliendelea kusema "kwa Mama Kamau" kila siku. Yeye hakuniita Kamau tena. Aliniita mwalimu, hata tukiwa wawili tu jikoni, na watu wakadhani anajivunia mwanawe.

Guka yako