Wakienda Tutakosa Nini

Jumatatu, 4 Agosti
Duka nimechelewa kufungua. Upepo wa Utemini umejaza vumbi kwenye madumu ya mafuta ya alizeti. Nimefuta, limerudi. Alasiri kahawa barazani kama kawaida. Shabani, fundi cherehani, kaanzisha habari ya Muungano. Eti Zanzibar haina haki ya kujitoa, udongo ukishachanganywa hautenganishwi. Leo Unguja, kesho Pemba, mwisho kila mtaa na bendera yake. Nikamwambia nyumba isiyo na mlango wa kutokea ni jela. Mkalama ilitoka Iramba, nani alikufa? Akasema wilaya si nchi. Nikapandisha sauti: haki wanayo, wakitaka waende, kwani tutakosa nini? Baraza zima likacheka. Shabani akamalizia kahawa yake. Nimeshinda.

Jumanne, 5 Agosti
Zuwena, mke wangu, haongei nami. Jana alikuwa nyuma ya pazia la duka, anapima sukari. Alisikia. Mpemba huyu, amezeekea hapa Singida, leo ananuna kwa maneno ya barazani! Chai yangu kaiweka mezani, yake kaenda kuinywa uani. Nikamtania kwamba sasa tuna serikali mbili. Hakucheka. Amehamia chumba cha Salma, binti yetu aliyeolewa Nduguti. Ananionea. Mimi nilikuwa upande wao.

Alhamisi, 7 Agosti
Anakwenda Pemba kwa kaka yake. Kusalimia, anasema. Sikuuliza siku ngapi. Jioni nimeona mizigo yake. Ndani ya kapu, chini ya kanga, mbuzi ya kukunia nazi. Ile ile aliyokuja nayo akiwa bibi harusi, shangazi zangu Wanyaturu wakabishana kama ni kigoda au silaha. Anayekwenda kusalimia habebi mbuzi.
Nimeogopa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Sikufungua duka. Nimemfuata jikoni. Nikamwambia mimi ndiye niliyetetea haki yenu, Shabani ndiye anayetaka kuwafunga kamba. Akamaliza kuosha sufuria kwanza.
"Baba Salma, haki n'nayo tangu zamani. Lakini Shabani angalau hataki twende."
Jibu nilikuwa nalo. Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji. Kiburi tu, hakuna kingine. Bingwa wa baraza, jikoni mteka maji.

Jumamosi, 9 Agosti
Stendi alfajiri. Baridi kali. Nimembebea kapu mpaka mlangoni mwa basi. Lilitakiwa neno moja. Nikasema, angalia mizigo yako isiibwe. Mjinga mimi. Akaitikia haya, akapanda.

Alhamisi, 14 Agosti
Shabani kapita. Shemeji anarudi lini? Nikasema sijui. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Salma amepiga simu kutoka Nduguti, shikamoo baba, halafu akauliza nakula nini. Ameshaambiwa. Madumu yana vumbi, sijafuta. Nakula mkate mkavu. Naichukia nyumba hii.

Jumapili, 17 Agosti
Nimempigia. Nikasema rudi, nyumba imepooza. Akauliza kama nyumba ndiyo iliyonituma. Nikasema hapana, ni mimi. Niliuliza tutakosa nini, Mama Salma. Nitakukosa wewe. Machozi yalinitoka mbele ya mteja wa chumvi. Zuwena akasema amesikia. Hakusema anakuja. Sikumlazimisha. Hiyo nayo ni haki yake, na leo najua inavyouma.

Ijumaa, 22 Agosti
Barazani wamebishana tena, Muungano ule ule. Wamenitaka niseme. Nikasema kahawa imepoa, nikaingia ndani.
Ijumaa yeye hupika wali wa nazi. Nilipotoka msikitini nilinunua nazi moja sokoni. Nimekosha mchele, nimebandika maji, nimevunja nazi. Nikapeleka mkono pembeni ya jiko inapokaaga mbuzi.
Nazi nimeitafuna hivyo hivyo, nimesimama.