Kando ya Mkwe, Mteremkoni

Jumatano, 6 Agosti
Kesho safari. Karavani, kinyumba changu cha magurudumu, niliinunua kwa kiinua mgongo changu ili niivute mwenyewe kwa gari langu. Na nani atashika usukani? Mkwe! Daktari wa macho kaninyang'anya leseni, basi nimegeuka mzigo. Binti yangu kanikalisha jikoni: Baba, mume wangu anajua kuendesha, usimfundishe njiani. Neno moja tu, hatusafiri nawe tena. Nikaapa. Miaka thelathini na moja kwenye malori, leo naapishwa kunyamaza!

Alhamisi, 7 Agosti
Tambarare tupu. Nimekula karanga. Mkwe kajaa sifa — Mzee, mbona haisumbui? Haisumbui! Hapa hata mbuzi angeivuta. Nikalisema hilo kwa sauti. Mjukuu kacheka, mama yake kanikazia macho kwenye kioo. Kwani nimefundisha?

Ijumaa, 8 Agosti
Milima imeanza. Kupanda, bwana anang'ang'ania gia ya nne mpaka injini inakohoa. Kushuka ndiyo balaa. Gia kubwa vilevile, na mguu juu ya breki kutoka kileleni mpaka bondeni. Mteremko hushukwa kwa gia ambayo ungeupandia! Injini ndiyo izuie. Breki unakanyaga, unaachia, zipate kupoa. Hilo nililijua kabla sijaota ndevu.
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu akikatazwa kusema je?
Tulipoegesha nikagusa rimu ya gurudumu. Moto kama sufuria. Nikarudi kunywa chai yangu, kimya. Si ndivyo walivyotaka?

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara, katikati ya mteremko mkubwa.
Harufu niliisikia kwenye kona ya pili. Breki zinaungua — naijua hata nikiwa usingizini. Kona ya tatu, kimya. Ya nne, kimya. Niseme ukweli, hapa hanisomi mtu: nilikuwa nafurahi. Nilitaka aaibike mbele ya mkewe. Na mjukuu wangu yuko nyuma yangu, anaimba!
Kona ya sita, kanyagio la breki likazama. Mzee, hazishiki! Ndipo nikapiga kelele: gia ya tatu! Sasa ya pili! Klachi iachie! Handibreki, polepole! Injini ikalia, karavani ikatusukuma, tukaparuza ukuta wa mlima weee — tukasimama. Hakuna aliyeumia.
Mkwe anasukumia mawe chini ya magurudumu. Ananiita mwokozi. Mzee, bila wewe tungekwisha leo! Siwezi kumtazama usoni.
Binti yangu hajanishukuru. Amekuja na mtoto begani, ameuliza taratibu tu: Baba, wewe harufu ya breki haikupiti. Uliisikia kuanzia wapi?
Nimemwambia angoje, nimalize kuandika.
Bado amesimama. Mtoto amelala. Naandika tu, sina la kuandika, na yeye —