Kichanja cha Mama Kulwa

Jumanne

Ile picha ya kichanja cha kuanikia muhogo, niliyoiweka kwenye kundi letu la WhatsApp la wakulima wa Nyamigogo, ilijibiwa "Amina" tupu. Nikajua wameipuuza.

Leo nimepita kwa Mama Kulwa, mmoja wa wanakundi. Kichanja kipo, kirefu, vipimo vilevile vya pichani. Juu yake masufuria na sahani. Muhogo uko chini, kuku wanaukanyaga. Ndio huohuo wanunuzi wa Nyakanazi wanaukataa kwa sababu ya mchanga.

"Asante bwana shamba, vyombo sasa vinakauka vizuri."

Maelezo yalikuwa chini ya picha, ila yeye hajui kusoma, anatazama picha. Na muhogo uliokuwa juu ya kile cha pichani niliuondoa mwenyewe kabla ya kupiga picha, ili mbao zipendeze.