Wembe na Dopamini

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kasema ni Parkinson. Mkono wa kulia unatetemeka ukiwa umepumzika – yaani muda wote nadhani umepumzika, kumbe uko kazini. Na mimi kinyozi wa wembe! Nikacheka. Daktari hakucheka.

Nilivyomwelewa: seli za ubongo hupelekeana habari kwa kutemeana kemikali. Moja ni dopamini. Kazi yake ni kama yangu dukani Jumamosi – wewe kaa kitini, wewe ngoja kwanza. Sasa seli zangu zinazoitengeneza zinakufa, basi wateja wote wanasimama kwa pamoja. Nimepewa vidonge. Vikifika kichwani vinageuka dopamini. Mke wangu anajua. Kaka yake, shemeji yangu tunayemiliki naye duka, hajui. Na asijue! Akijua, nitaishia kufagia nywele.

Jumatano, 5 Machi

Kidonge kinafanya kazi! Nimefunga vifungo vya shati bila kuvitukana. Nimekuwa msomi pia. Mke wangu alikuwa anaosha vyombo, nikamweleza jinsi seli inavyofyatuka ikishapokea ujumbe wa kutosha, la sivyo inakaa kimya. Akasema basi nishike kitambaa nipanguse sahani, huo nao ni ujumbe wa kutosha.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu.

Kidonge kikiingia tumbo tupu kinanitia kichefuchefu, nikaona nikisindikize: mayai matatu na glasi ya maziwa. Ushauri wangu mwenyewe, kwangu mwenyewe, bure. Mara akaingia Hakimu mstaafu, ambaye hanyolewi na mtu mwingine. Nikampaka povu. Nikainua wembe – mkono ukaanza mambo yake. Nikasema wembe butu. Nikaunoa kwenye mkanda wa ngozi wa kunolea. Nikaunoa tena. Povu likamkaukia usoni.

"Bwana, unanoa wembe au unachinja mkanda?" Hakimu akauliza.

Watu wakaangua kicheko. Shemeji akaja, akautoa wembe mkononi mwangu taratibu, akamaliza kazi. Hakusema neno. Shemeji! Mtu anayesemesha hata feni.

Nikampigia mfamasia. Kumbe protini na hicho kidonge hupita mlango mmoja kuingia ubongoni, na mayai yangu yalitangulia foleni. Dawa imekwama nje, seli ndani zinangoja. Mke wangu akauliza kama ile karatasi ya ndani ya boksi sikuisoma. Niliisoma! Nilisoma mambo ya seli. Sehemu ya chakula niliona ni ya wagonjwa.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefungua duka, Shemeji kalifunga tena. Kageuza kibao mlangoni. Dada yake kamwambia, au kajionea mwenyewe – hasemi. Anataka kujua kitu kimoja: wembe bado ni wangu, au auchukue yeye?

Nikaanza na dopamini. Akanikatiza.

"Shem, nakuuliza wembe, unanisomesha ubongo."

Nikamwambia sijui. Kweli sijui. Kuna siku mkono ni wangu, kuna siku ni wa mtu mwingine, na huyo mtu sijawahi kutambulishwa kwake.

Nikameza kidonge mbele yake, kwa maji matupu. Lazima kukingoja. Nikadhani ataanza kufagia, au kunung'unika. Wapi! Kaketi kwenye kiti changu, kajifunga kitambaa shingoni, kajipaka povu mwenyewe, mpaka masikioni. Baba wa watoto wanne! Nikamwambia asiwe mjinga. Akafumba macho.

Nimechukua daftari, maana nikikaa bure nitautazama mkono, na nikiutazama unajiona staa.

Wembe uko mezani, umeshanolewa. Mkono – bado. Au umetulia? Kidole gumba bado kinabishana. Hapana, kimeacha. Labda najidanganya tu.

Nje kuna mteja anagonga kioo. Shemeji hafumbui macho. Kainua kidevu, koo lote wazi.

"Andika utakavyo, Shem," anasema, "ila shingo yangu inachoka."