Ala Iliyobana

Jumapili, Bariadi

Ilibana mno, na nilikusudia ibane.

Mama ndiye aliyeniomba. Tangu mikono ya Baba ianze kutetemeka ameshajikata vibaya, lakini ukimnyang'anya mfugaji kisu chake ni kama umemwambia akae ndani. "Si unapenda kushona hizo ala zako za visu? Mshonee moja nzuri, ila kisu kisichomoke." Nikalowesha ngozi, nikaikazia kwenye kisu chenyewe hadi ikakauka. Sijawahi kushona ala nzuri kama ile.

Leo nimempelekea Baba kijijini Sapiwi. Akaivaa kiunoni mbele ya wageni, akatamba kabisa. Halafu nyama ikaletwa, na pale kwetu mgeni hukatiwa nyama na Baba mwenyewe.

Akavuta kisu. Akavuta tena. Wageni wakaanza kutazama kuku.

Nilidhani atafoka. Akanigeukia tu, akasema kwa upole, "Ngozi mpya ndivyo ilivyo, mwanangu. Itazoea." Kisha Mama akaleta kisu cha jikoni, akampa mgeni akate. Nilitamani ardhi...

Wakati naondoka, Baba akaifungua ala kiunoni, akanikabidhi pamoja na kisu. "Mwambie mama yako, nikijikata nitajifunga kitambaa."

Kumbe alijua.

Sasa ala iko kwenye beseni la maji, inalainika. Safari hii nitaviringishia kisu kitambaa kwanza, ndipo niikaushe juu yake, ipanuke. Mama atanuna.

Anune.